Harufu ya Wenzao

Kazini walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Inasemekana jina lilianza na mpwa wake aliyewahi kufagia pale miezi mitatu, akaacha kwa sababu ya harufu. Mpwa akaenda zake, jina likabaki. Kwa miaka ishirini na miwili Shangazi alikuwa mhudumu wa nyumba ya panya, jengo refu nyuma ya maabara, lisilo na dirisha hata moja, ambamo taa huwaka zenyewe saa kumi na mbili asubuhi na kuzimika zenyewe saa kumi na mbili jioni, mvua inyeshe, jua liwake. Panya wenyewe si hawa wetu wa darini, wezi wa unga. Ni weupe, macho mekundu, wadogo kiasi cha kuenea kiganjani, na kila mmoja ana namba yake sikioni.

Mtaani walimcheka kwa kazi hiyo.

"Wenzio tunanunua sumu," mwanamke mmoja alimwambia bombani, "wewe unawatandikia kitanda."

"Angalau wangu hawanisengenyi," Shangazi akajibu, akajitwisha ndoo yake.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kubadilisha vizimba. Kizimba ni sanduku la plastiki angavu, halizidi sana sanduku la viatu, lenye kifuniko cha wavu wa chuma, chupa ya maji, na maranda ya mbao chini. Unamtoa panya, unamweka kwenye sanduku safi, na lile chafu linakwenda kuoshwa kwa maji ya moto. Sheria iliyobandikwa mlangoni ilisema kila cha zamani kitupwe. Shangazi aliifuata mwaka wa kwanza, akaona panya akiingizwa kwenye sanduku lisilo na harufu yake anazunguka kutwa nzima, hali, halali. Basi akaanza kuhamisha kidogo cha zamani, ngumi moja ya kiota, yaani karatasi laini wanayoichana na kuilalia. Panya akanusa, akajichimbia, akalala. "Hata binadamu akihama huenda na mto wake," alisema. Wakubwa walijua wakanyamaza, maana panya wake walinenepa kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Nyumbani nako alikuwa na wa kumhudumia. Mumewe alikuwa mwashi, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mkewe akiwemo. Nusu ya kuta za mtaa ule zilipita mikononi mwake, na ukimwambia ukuta fulani umepinda, alikuwa radhi kuacha chakula kikapoa, achukue timazi, akakuumbue mbele za watu. Methali yake ilikuwa moja tu, usipoziba ufa utajenga ukuta, nayo aliisema kwa furaha. "Wasizibe," alisema. "Wakiziba sisi tutakula nini?" Kisha jukwaa la miti likateleza akiwa juu yake, akaangukia nyonga, na mfupa ukaunga upande. Ilikuwa miaka miwili sasa. Alikuwa mtu wa kitandani, na akitaka kwenda mahali alijikokota kwa makalio.

Siku moja alijikokota mpaka jikoni ili apashe chai. Shangazi aliporudi kazini alikuta pazia limeungua nusu, mumewe ameketi sakafuni na ndoo tupu mapajani, analia kwa moshi na kwa aibu. Toka siku ile akaweka kufuli. Kila asubuhi alimnawisha, akampa uji, akamwekea maji na kopo karibu, akawasha redio, akafunga mlango kwa nje, na ufunguo akautia kifuani. Kilikuwa chumba na nusu, na dirisha lao lilitazama ua wa wapangaji wote: bomba, kamba za nguo, watoto wakikimbizana, wanawake wakipeana habari.

"Huna upweke wewe," alimwambia. "Una redio, una ua mzima wa kusikiliza. Mimi kule nina panya."

Fundi alikuwa na rafiki mmoja, mwashi mwenzake, mtu mfupi aliyeitwa Kibiriti kwa wepesi wake wa kuwaka. Zamani alikuja kila alasiri kucheza drafti. Alipokuta kufuli mara ya kwanza alisimama dirishani wakazungumza, na mara ya pili, na ya tatu. Lakini drafti haichezwi dirishani. Mwishowe akaacha kuja, na Shangazi hakuliona hilo kuwa jambo kubwa. Wanaume wazee huzoea kutoonana, ndivyo alivyofikiri.

Mwaka wa pili Fundi akaanza kubadilika. Kwanza zilikuwa sauti. Sahani ikigonga sahani, alijikunja kama aliyepigwa. Halafu shuka jipya likawa linamchoma. Halafu mkono begani, mkono wa mkewe aliyelala naye miaka thelathini na moja, akawa anaukwepa kama kaa la moto. Na juu ya yote hayo, kwa kulala upande mmoja, kisigino cha kushoto kikafanya kidonda.

Nesi wa zahanati alikuja, akakitazama kwa mbali kwa kuwa mgonjwa hakukubali asogee, akatoa maagizo. Kioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kikaushwe, kifungwe, kisilalie godoro.

"Usipokiosha kitaingia ndani, mama," alisema akiwa mlangoni. "Kikishaingia ndani hatutazungumza tena habari ya kisigino. Tutazungumza habari ya mguu."

Kazi yenyewe ni ya robo saa, na ilimshinda. Akigusa kidonda, Fundi alipiga ukelele uliosimamisha ua mzima. Akigusa kando ya kidonda, vilevile. Hata goti, ambalo halikuwa na hata mkwaruzo, vilevile. Mtu huyu alibeba mawe ujana wake wote. Mtu huyu aliwahi kujipiga nyundo kidoleni akaangua kicheko mbele ya vibarua. Shangazi alimtazama akijikunyata ukutani, na moyoni mwake, tusifichane, haikuwamo huruma tu. Kilikuwamo na kinyongo.

Jumapili moja uvumilivu ulimwishia.

"Fundi, nimegusa shuka. Sijakugusa wewe."

"Usiniguse."

"Unafanya makusudi. Unanikomoa kwa sababu ya kufuli."

"Sikukomoi, mama. Toa mkono tu."

"Basi uoze."

Lilipomtoka alitamani kulirudisha. Fundi aligeukia ukuta wake, ambao aliupiga plasta mwenyewe mwaka waliooana. Siku hiyo kidonda hakikuoshwa, na kesho yake hakikuoshwa, kwani Shangazi alikuwa ameanza kuuogopa ule ukelele kuliko kidonda chenyewe. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo aliijua sana, na aliwahi kuwapa nayo wanawake wengi ushauri.

Mwaka huohuo alikuja Daktari. Hakuwa daktari wa kutibu watu, alikuwa wa vitabu, mwanamke kijana mwembamba ambaye kila siku alikunywa chai iliyopoa kwa kuisahau. Alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua makazi ya panya, na wenzake anaokaa nao, vinabadilisha vipi anavyohisi akiguswa. Akachagua panya majike arobaini na wanane. Nusu yao wakakaa wanne wanne, na nusu wakakaa kila mmoja kizimba chake. Nusu ya hao na nusu ya hawa walikwenda chumba cha Shangazi. Waliobaki walikwenda chumba cha pili, kwa mhudumu aliyeitwa Glavu, kwani hata mkate alikula amezivaa. Glavu alikuwa mtu wa sheria ya mlangoni. Kila Alhamisi alitupa kila kitu.

Wiki ya kumi vipimo vikaanza. Panya anawekwa juu ya wavu wa chuma ulioinuliwa, amefunikwa kwa kisanduku angavu, naye Daktari anainama chini yake akiwa na kijiti chenye unywele wa plastiki nchani. Nywele zilikuwa kumi, kuanzia ule mwembamba ambao Shangazi hakuuona bila miwani, mpaka ule mnene kama njiti ya ufagio. Unaugusisha unywele kwenye unyayo mpaka upinde kidogo. Panya akivuta mguu, unaandika. Asipovuta, unachukua unywele unaofuata.

"Asipovuta kabisa ndiyo mzima?" Shangazi aliuliza.

"Si lazima, Shangazi. Mguu usiovutwa una maana mbili. Ama amesikia akavumilia, ama hasikii kitu. Ndiyo maana namtazama na kichwa. Akigeuka kuutazama unywele, amesikia. Asipogeuka, hapo ndipo ninapoogopa."

Waliokaa wanne wanne walivumilia mpaka unywele wa sita, wengine wa saba. Wa Glavu waliokaa peke yao waliishia wa nne. Lakini wa Shangazi waliokaa peke yao walivuta mguu kwenye unywele wa pili, na wengine kwenye ule wa kwanza usioonekana, tena kwa kulia. Namba thelathini na moja aliruka akagonga kifuniko. Shangazi alipomchukua kumrudisha, mwili wote wa yule mnyama ulishtuka kiganjani mwake. Aliujua mshtuko ule. Ulikuwa wa bega la mumewe.

"Huyu anafanya makusudi?" aliuliza.

Daktari alicheka. "Panya hana makusudi. Akikaa peke yake muda mrefu, kila kinachomgusa anakiona adui. Hadanganyi, kwake kinauma kweli."

"Hata uzi?"

"Hata uzi."

Shangazi alimrudisha namba thelathini na moja kizimbani, akafunga kifuniko, akasimama pale akiwa na kitambaa mkononi bila kufuta chochote.

Kwa Daktari mambo yaligeuka kitendawili. Kwa nini wapweke wa chumba kimoja wawe na hali mbaya hivyo kuliko wapweke wa chumba cha pili? Alipima mwanga, sawa. Alipima kelele, sawa. Hewa, maji, chakula, vyote sawa. Akaanza kushuku mkono wake mwenyewe, akasema labda hafai kazi hii, labda arudi kufundisha. Shangazi alimsikia akiyasema hayo huku chai inapoa. Yeye alijua. Hakuna mwingine duniani aliyejua, na angenyamaza, nani angeuliza?

Alimwambia Ijumaa, kwenye chumba cha kuoshea, katikati ya mvuke.

"Wale wa peke yao niliwaonea huruma, Daktari. Kiota chao nilikuwa nawaachia kidogo kama kawaida yangu. Halafu nikawa nachukua na kidogo kwenye vizimba vya wale wanne wanne, nawatilia. Wanuse wenzao."

"Kila wiki?"

"Kila Alhamisi."

Daktari aligeuza ndoo akaikalia. Hakufoka, na Shangazi alitamani afoke.

"Nilidhani watafarijika," Shangazi akasema.

"Wa Glavu wako peke yao, basi, yameisha," Daktari alisema taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Wa kwako wamekaa wiki kumi wakisikia harufu ya wenzao, na wenzao hawapo. Wanatafuta, wanakuta ukuta. Wakikaribia kuzoea, Alhamisi unawakumbusha." Alijifuta jicho kwa bega, kwani mikono ilikuwa na sabuni. "Siwezi kuapa. Ni panya kumi na wawili, nao si ushahidi. Lakini ukiniuliza mimi, nitasema ndivyo."

"Na wakirudishiwa wenzao, wanapona?"

"Wengine. Inabidi uanze na mguso mdogo kabisa, uende polepole. Waliokaa sana hawaponi wote."

Kwamba wale wapweke wa chumbani kwake hawakuwa na faida tena hakuhitaji kuambiwa. Sanduku la gesi, wanamouliwa panya wasiohitajika tena, alilijua, alilisafisha mwenyewe miaka yote.

Alasiri ile alifika nyumbani, akatoa ufunguo, akasimama mbele ya kufuli. Ndani redio ilikuwa inazungumza. Watu watatu wanne walikuwa wakitaniana, mmoja akasema neno na wote wakaangua kicheko. Uani nyuma yake wanawake walikuwa wakifua na kucheka ya kwao. Alisikiliza vicheko vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, na kati ya hivyo akasikia kikohozi kidogo cha mumewe. Akajishikiza ukutani.

Aliingia, akaketi sakafuni, si kitandani.

"Fundi, nikuulize. Hii redio inakusaidia?"

Fundi aligeuza uso kutoka ukutani.

"Nilikuambia uizime, mwaka jana."

"Ulisema ina kelele."

"Nilisema wanazungumza. Kutwa nzima wanazungumza, na hakuna anayeniuliza neno."

Shangazi aliizima. Alilia, hakujificha. Kisha akatoka na kufuli mkononi, akavuka ua mbele ya wafuaji wote, akalitumbukiza chooni.

Jumatatu aliomba likizo yake, siku thelathini. Kabla ya kuondoka ilibidi amalize kazi ya wale kumi na wawili, na hakutaka kumwachia Glavu. Taratibu ni kuwatia mmoja mmoja. Yeye aliwatia wote pamoja. Walijibana kingo za sanduku, kila mmoja upande wake, mgongo nje. Akasubiri. Namba thelathini na moja alisogea kwanza, akanusa ubavu wa jirani yake, na jirani hakumkimbia. Polepole wakawa fungu moja katikati. Shangazi alisubiri tena kidogo, halafu akafungua gesi.

Siku ya kwanza ya likizo hakufanya lolote. Alikaa sakafuni, mlango wazi, redio kimya. Siku ya pili alimfuata Kibiriti.

"Siji mahali penye kufuli, shemeji," Kibiriti akasema.

"Kufuli liko chooni. Ukilitaka kalizamie."

Kibiriti alikuja alasiri ileile na ubao wake na mfuko wa vizibo vya soda. Kizibo cha kwanza kilipogonga ubao, Fundi aliziba masikio. Kibiriti hakuwaka. Alivua shati lake, akalitandika juu ya ubao, akachora mistari upya kwa chaki juu ya shati, na wakacheza drafti isiyo na sauti. Shangazi aliwatazama wazee wale wawili wakisukuma vizibo juu ya shati la kazi, akajisikia mjinga kwa miaka miwili yote.

Jioni alianza kazi yake. Aling'oa unywele mmoja kichwani mwake.

"Fundi, naanza. Ukivuta mguu, nimeacha mpaka kesho."

"Anza."

Aliugusisha unywele kwenye unyayo, mbali na kidonda, mpaka ukapinda kidogo. Fundi akavuta. Shangazi akaacha, kama alivyoahidi. Siku ya tatu hakuvuta, bali aligeuza kichwa akaukodolea macho ule unywele kama anayekagua kazi ya kibarua. "Huo nimeusikia," alisema, na Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Ukafuata uzi wa kushonea. Ukafuata uzi wa nailoni, ambao ulichukua siku tano na kurudishwa nyuma mara mbili. Ukafuata unyoya wa kuku, ambao aliuchukia kuliko vyote.

Katika siku hizo Fundi alirudi, hakuna neno jingine. Alianza kumtukana Kibiriti kwa kuiba vizibo. Alianza kuuliza ukuta wa nani umeanguka. Alikula akasema chakula hakina chumvi. Siku moja Kibiriti kwa kujisahau alimpiga begani kwa kicheko, wote watatu wakaganda, na Fundi akasema, "Cheza, ni zamu yako."

Mguu ndio haukuwa umeoshwa. Shangazi aliumwagia maji ya chumvi kwa kikombe kutoka juu, yanayofika yafike. Harufu ilizidi. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kuwa vyeusi, akasema ni kivuli, kwani dirisha lile halikupata jua. Kibiriti hakuona kivuli.

"Shemeji, huu mguu una rangi mbaya. Tumpeleke."

"Wakimpeleka leo watamshika watu wanne kwa nguvu. Haya yote tuliyofanya yataharibika. Nipe wiki moja, mpaka aukubali mkono."

"Ufa huo, shemeji."

"Naujua ufa. Nimeolewa na mwashi."

Kibiriti alinyamaza, na mimi nasema angewaka siku ile, kwa kuwa ndilo jina lake. Lakini nani angewaka? Mgonjwa alikuwa anacheka. Shangazi alikuwa amemtoa kisimani kwa uzi mmoja mmoja, na mtu wa namna hiyo humwambii akate kamba.

Njiti ya ufagio ilikubaliwa kwa siku moja tu, jambo lililomshangaza. Pindo la shuka likakubaliwa papo hapo. Alihesabu kuwa siku zinaanza kuwa nyepesi, akaona wameshinda. Usiku hakupata usingizi kwa furaha, kama binti anayesubiri sherehe.

Siku ya ishirini na nne alipasha maji, akatia chumvi, akaleta beseni na kitambaa safi. Kibiriti alikuwa kwenye kiti chake, ubao kati yao, Fundi ameegemea mto anawaza pa kupeleka kizibo.

"Fundi, leo ni mkono. Naanza."

"Anza."

Aliweka kidole kimoja katikati ya unyayo. Mguu haukuvutwa. Akaweka cha pili. Akapumua, akaweka cha tatu na cha nne, akalaza kiganja kizima, kilekile kilichofukuzwa mwaka mzima. Mguu ulikuwa baridi, nao ulitulia. Machozi yalimjaa. Aliufumbata kwa mikono miwili, akabana, akasikia mifupa yake, mguu wa mumewe, na alikuwa karibu kupiga kigelegele pale chini.

Ndipo akakumbuka kutazama kichwa.

Fundi hakuwa amegeuka. Macho yake yalikuwa kwenye ubao. Alisukuma kizibo chake kwa kidole, akala viwili vya Kibiriti, akavitia mfukoni. Kisha akasubiri kidogo.

"Mama," akasema, "mbona huanzi?"

Kibiriti aliinua macho, akamtazama Shangazi, akaangalia mikono yake ilipo. Alisimama polepole, akavaa shati lake lililojaa chaki, akatoka uani kutafuta watu wa kumbeba Fundi na mlango wa kumlazia.

"Naanza sasa hivi," Shangazi akasema.

Akavuta beseni. Akauosha mguu kama nesi alivyoagiza, kisigino, kidonda mpaka ndani kabisa, na katikati ya vidole vyote vitano, kimoja kimoja. Hakuna aliyelia. Fundi alimwuliza Kibiriti amekimbilia wapi, akasema mtu akishindwa hukimbia, na mkewe akamjibu kuwa ndivyo, akaukausha mguu kwa kitambaa safi na kuufunga.